Shajara ya mradi: AC inapuliza moto, hita haisikii amri

Gari ni sedani ya Toyota ya mwaka 2003, injini cc 1500, mtumba wa Japani kama nyingi zinazopanga foleni barabara ya Morogoro jijini Dar kila asubuhi. AC yake ni ya otomatiki: unabonyeza nyuzi unazotaka, kompyuta ndogo ya AC inajua yenyewe ifanye nini. Ugonjwa wake ni huu: ukiweka 18, ukiweka 25, ukiweka 32, kinachotoka ni hewa ileile ya moto. Naandika kila hatua na bei yake, maana mjini hapa mtu mwenye shida hii akifika gereji kitu cha kwanza atakachouziwa ni gesi.

8 Februari 2025: Dalili

Nimeiangalia kwa muda kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Asubuhi nikitoka Kimara, AC ni baridi safi. Nikikaribia Ubungo hewa imeshaanza kuwa vuguvugu. Magomeni ni moto wa kukausha macho, na kuanzia hapo mpaka Posta ni vioo chini na jasho. Jioni, gari likiwa limesimama kutwa na injini imepoa, mambo ni yaleyale: baridi kidogo, halafu moto.

Sindano ya joto la injini ndiyo inayotoa siri. Ikiwa bado iko chini, baridi ipo. Ikishapanda na kukaa mahali pake pa kila siku, baridi imeaga. Feni inaitika kasi zote, kompresa inashika kama kawaida, ukisikiliza boneti likiwa wazi unausikia ule mlio wake. Nimechomeka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati: nje nyuzi 32, nimeweka 18, kinachotoka ni 46. Hewa inatoka na moto kuliko ilivyoingia. Gesi ikipungua, AC inashindwa kupoza na unapata hewa ya joto la nje. Haikuongezei moto juu yake. Moto huu unatoka kwenye maji ya injini.

Gharama mpaka sasa: hakuna.

10 Februari: Gesi

Gereji ya mtaani, jina nitalihifadhi. Nimemweleza fundi habari ya sindano, akasikiliza kwa heshima, halafu akaenda kuchukua geji zake.

“Bosi, hii gesi imechoka.”

“Fundi, geji zinasemaje?”

“Zinasoma, ila gesi yenyewe haina nguvu.”

Zilikuwa zinasoma psi 34 upande wa chini na 215 upande wa juu. Vitabu vya matengenezo vya Toyota kwa mfumo wa gesi ya R134a vinataka takriban 21 hadi 36 chini na 199 hadi 228 juu, injini ikiwa kwenye mizunguko 1500 na hewa inayoingia ikiwa nyuzi 30 hadi 35. Yaani mfumo ulikuwa mzima kabisa. Na gesi ya AC haichoki. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, ama ipo ama imevuja. Lakini wenzangu wawili waliokuwa wakisubiri magari yao wakamuunga mkono fundi, na mimi nilitaka kuona geji zitafika wapi. Akatia.

Upande wa juu ukapanda hadi karibu 300. Matokeo: hata ile baridi ya asubuhi ya Kimara ikapotea, na kompresa ikaanza kushika na kuachia ovyo. Gesi ikizidi, shinikizo linapanda, baridi inapungua. Watu wengi hawaliamini hili mpaka liwakute.

Gharama: 50,000.

12 Februari: Kuondoa kilichoongezwa

Fundi mwingine, huyu wa AC peke yake, mwenye mashine ya kunyonya na mzani. Kanyonya yote, kavuta vakyumu, karudisha kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kipimo cha uzito ndicho cha kuamini, geji peke yake zinabadilika na jua la siku hiyo. Tumerudi tulikoanzia: baridi ya asubuhi, moto wa Magomeni.

Gharama: 70,000. Jumla 120,000, na gari halijasogea hatua.

15 Februari: Kushika mabomba

Hii ndiyo kazi iliyotakiwa kuwa ya kwanza, nayo haina gharama. Injini imeshika moto, AC inafanya kazi, boneti wazi. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi yanaingia mabomba manne. Mawili ni ya aluminiamu, ya AC. Lile nene lilikuwa baridi na linatoka jasho, maji yanadondoka. Mengine mawili ni mipira myeusi ya maji ya hita: yote miwili moto wa kuondoa mkono haraka.

Kwa hiyo baridi inatengenezwa, na moto unafika. Kinachokosekana ni anayechagua kati yao.

Kwa wasioufahamu mpangilio: nyuma ya dashibodi kuna sanduku la plastiki. Hewa yote ya feni inapita kwanza kwenye kulingi koili, inapoa na kukauka. Baada ya hapo inakutana na mlango. Mlango ukiegemea upande mmoja, hewa inapita moja kwa moja kuja usoni kwako. Ukiegemea upande wa pili, hewa yote inalazimishwa kupita kwenye rejeta ndogo ya hita. Ukikaa katikati, nusu kwa nusu, na hapo ndipo nyuzi 22 au 25 zinapopatikana. Kwenye gari hili maji ya moto yanazunguka kwenye hita muda wote, mchana na usiku, hakuna koki ya kuyafunga. Magari ya zamani zaidi mengi yanayo koki inayovutwa na waya. Kama lako ni la hivyo, anza na waya huo, kukatika au kutoka kwenye kishikio chake ni jambo la kawaida.

Jaribio: nimeufunga mpira mmoja wa hita kwa kitambaa kinene, nikaubana kwa koleo la kujifunga ili maji yasipite. Kipimajoto kikaanza kushuka palepale, 46, 38, 27, kikatulia kwenye 13. Nikaachia koleo, kikarudi juu. Huo ni uthibitisho. Mlango umekwama upande wa moto. Kama hewa isingepoa baada ya kubana mpira, hapo ndipo ningeanza kuzungumza habari za gesi na kompresa.

Tahadhari: mpira mkavu wenye nyufa usiubane, utapasuka na kukumwagia maji ya moto. Na usiuache umebanwa ukaondoka na gari.

Jirani aliyekuwa ananiangalia akatoa suluhisho la mjini: “Si umeshaona? Kata hiyo mipira, iunganishe na kibomba, hita ya nini Dar?” Gereji nyingi zitakufanyia hivyo kwa 15,000 na kuna watu wanatembea nayo miaka. Kama huduma ya kwanza siipingi, hasa ukiwa na mtoto mdogo ndani ya gari mwezi wa pili. Ila Julai nina safari ya Njombe, na kabla ya Njombe kuna masika, nitaeleza mbele kwa nini masika ya Dar nayo yanahitaji hita.

16 Februari: Kuiuliza kompyuta

Toyota nyingi za rika hili zenye AC ya otomatiki zinajipima zenyewe, huhitaji mashine. Ufunguo ukiwa umezimwa, shikilia kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, geuza ufunguo mpaka ON huku umeshikilia. Taa zote za paneli zitawaka na kuzimika mara nne, kisha namba zitajitokeza palipokuwa panaonyesha nyuzi. Ukimaliza bonyeza OFF. Namba 00 maana yake hakuna tatizo. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya kulingi koili, 21 ni sensa ya jua. Za 31 na 41 zote ni za mlango wa kuchanganya hewa: 31 ni sensa inayosema mlango uko wapi, 41 ni pale kompyuta inapouamuru mlango uende na hauendi.

Mimi nimepata 21 na 41.

Fundi umeme aliyepita kusalimia akadaka hiyo 21 na kuniambia anacho kidude chake, kile cheusi kilicho juu ya dashibodi, elfu 30 tu. Sikukichukua. Sensa ya jua isipoona jua inatoa 21, na gari lilikuwa chini ya mwembe jana saa kumi na mbili jioni. Leo saa sita mchana nimelitoa mwembeni, nimerudia, 21 haipo. Imebaki 41 peke yake.

Ukiwa palepale, ukibonyeza tena kitufe cha hewa ya ndani, kompyuta inaanza kuiendesha milango hatua kwa hatua kutoka baridi hadi moto. Nimelaza kichwa karibu na pedeli nikasikiliza. Kuna kitu kinaunguruma na hakuna kinachosogea.

Gharama: hakuna.

22 Februari: Kukishusha kimota

Nimechomoa waya wa hasi wa betri, nimetoa kava ya chini ya dashibodi upande wa dereva, na kimota kinachouendesha mlango wa hewa kinaonekana juu kidogo ya pedeli ya mafuta, kimekaa ubavuni mwa sanduku la hewa. Skrubu tatu. Mbili zinatoka bila neno, ya tatu imewekwa na mtu aliyewachukia mafundi: bisibisi ndefu haiingii, fupi haipati nguvu. Nilitumia kichwa cha bisibisi peke yake, nikakizungusha kwa spana ndogo. Kisugue kwa sumaku kwanza. Skrubu ikidondokea chini ya kapeti utaitafuta mpaka magharibi.

Kimota kikishatoka, geuza ekseli ya mlango kwa vidole. Wa kwangu ulizunguka laini mwanzo hadi mwisho na nikasikia unagonga kila upande. Habari njema kuliko zote za mradi huu, kwa sababu mlango ukivunjika ndani ya sanduku, dashibodi zima linashuka.

Plagi ya kimota ina nyaya tano. Mbili ni za mota: ipe volti 12 itazunguka, geuza nyaya itarudi nyuma. Tatu zilizobaki ni za sensa ya mahali: moja inaleta volti 5, moja ni hasi, ya katikati inarudisha jibu kwa kompyuta. Nimeunganisha mbili za mota kwenye betri. Kinaunguruma, mkono wake wa nje umetulia tuli.

Nimekifungua. Mfuniko unashikwa na vikucha vinne vya plastiki vinavyokatika ukiwa na haraka. Ndani kuna mota yenyewe, ndogo, aina ya zile za redio za kaseti, na mlolongo wa gia nyeupe. Meno yote mazima. Nimezitoa moja moja, nikazipangusa grisi, nikaziinulia kwenye mwanga, hakuna kitu. Mpaka nilipofika kwenye ile ndogo kuliko zote, inayokaa kwenye ekseli ya mota. Ina ufa mmoja unaotoka tunduni mpaka kati ya meno mawili, mwembamba, huuoni mpaka uibane kwa kucha ifunguke. Mota inazunguka, ekseli inateleza ndani ya gia, gia inabaki inaitazama. Miaka zaidi ya 20 ya joto la dashibodi, plastiki lazima ifike mahali ikatike.

Gharama: mita ya mkononi ya kupimia umeme 25,000, ambayo itabaki nyumbani.

23 Februari: Gundi

Nimesafisha gia kwa spiriti, nimetia supa glu kwenye ufa na kwenye ekseli, nimeibana kwa uzi usiku kucha. Asubuhi imefanya kazi. 18 ikawa baridi mpaka Posta kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Gharama: 1,500.

1 Machi: Gundi imeachia

Haikumaliza wiki. Supa glu haipendi joto wala mtikisiko, na gia hii inapata vyote viwili: kila mlango unapogonga mwisho wake, mshtuko wote unaishia hapo. Nimesikia baadaye kuna wanaozungushia waya wa shaba kwenye shingo ya gia kabla ya gundi, kwangu hakuna nafasi, waya ungegusa gia ya pili.

Cha muda: nimetoa kimota, nimeuzungusha mlango kwa mkono mpaka mwisho wa baridi, nimeufunga hapo kwa kibanio cha plastiki. Sasa ni AC ya kimasai: baridi tu, kudhibiti ni kwa kupunguza feni. Kwa mtu wa Dar asiyesafiri, hii inatosha sehemu kubwa ya mwaka na ni bora mara mia kuliko kukata mipira.

8 Machi: Gerezani

Nimekwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, na kimota kibovu mkononi, na hilo ni sharti. Kuna vimota vinavyofanana umbo, plagi hailingani. Kuna vingine plagi inalingana, mkono wa nje unazunguka kinyume. Namba iliyochapwa ubavuni ndiyo ya kufuata, au angalau viweke viwili bega kwa bega, skrubu kwa skrubu, waya kwa waya.

Winga, yule dalali wa kukupeleka dukani, alinipokea kabla sijafunga mlango wa bajaji. Ramadhani, jua la saa nane, sauti yake imekauka lakini miguu haijachoka. Duka la kwanza hawana, la pili wanacho cha upande mwingine, la tatu wakatoa sanduku lililojaa vimota vya kila aina vimefungwa raba. Namba ililingana. Nikaomba kukijaribu kwa mita. Mwenye duka akasema, “Kaka, hivi vimetoka kwenye gari nzima, vimekatwa Japani, kipimo cha nini?” Watu nyuma yangu wanasukumana, winga anataka chake. Nikalipa.

Gharama: kimota 40,000, winga 5,000.

9 Machi: Gari linahema

Kimefungwa, kinazunguka, mlango unakwenda. Ila ukiweka 24, hewa inakuwa baridi kwa muda, halafu vuguvugu, halafu baridi, na chini ya dashibodi unasikia kimota kinakwenda na kurudi bila kupumzika. Paneli sasa inatoa namba 31.

Sensa ya mahali ni njia ya kaboni yenye kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Nimepima kati ya waya wa katikati na wa hasi huku nauzungusha mkono wa kimota taratibu. Usomaji unatakiwa kupanda au kushuka kwa mfululizo. Hiki kilikuwa kinapanda vizuri, kikifika katikati mita inaruka, inasoma kama waya umekatika, halafu inarudi. Kaboni imelika hapo katikati, ambapo dereva wa kwanza aliiweka AC yake maisha yake yote. Mwanzo na mwisho wa njia ni mpya kabisa. Ndiyo maana 18 na 32 zinafanya kazi na za kati zote ni vurugu.

Nikajaribu kuchanganya: gia nzuri ya kimota hiki niitie kwenye kile changu chenye sensa nzuri. Tundu la gia ni dogo zaidi, haikuingia kwenye ekseli. Dukani hawarudishi. Nimerudisha kibanio cha plastiki.

12 Aprili: Masika, na kwa nini nahitaji hita Dar

Mvua tangu alfajiri, Jangwani hapapitiki, foleni imesimama Magomeni. Mlango wangu umefungwa kwenye baridi ya mwisho. Kioo cha mbele kikaanza kufanya ukungu, na ukungu wenyewe uko nje. Unafuta kwa waipa, unarudi palepale. Hewa ya Dar wakati wa masika imelowa maji. Ukikipoza kioo kwa hewa ya nyuzi 9 kutoka ndani, mvuke wa nje unagandia juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukizima AC, ukungu unahamia ndani, kwa pumzi za abiria.

Dawa yake ni hewa kavu lakini isiyo baridi sana: AC iwe inafanya kazi ili ikaushe, hita ichanganye kidogo ili kioo kisipoe. Yaani mlango ukae katikati. Aliyekata mipira yake hana namna ya kuipata hewa hiyo, na mimi na kibanio changu siku hiyo sikuwa na namna pia. Niligeuza hewa iende miguuni, nikashusha vioo nusu, nikalowa bega la kulia.

3 Mei: Kimota cha pili

Safari hii Ilala, mtu anayekata magari mwenyewe, hakuna winga. Nilimwambia mapema kwa simu kwamba nakuja na mita na betri ndogo ya pikipiki, nisipopima sinunui. Akasema njoo. Alikuwa na viwili. Cha kwanza kaboni yake inaruka kama ya kile cha Gerezani. Cha pili kilisoma mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, jumla karibu kilo-om 6, na kwenye betri kikaenda na kurudi bila kusitasita.

Kabla ya kukifunga nilipaka grisi nyeupe kidogo kwenye gia, kidogo kweli, ikigusa kaboni umerudi dukani. Nikarudisha waya wa betri, nikawasha, nikachoma pini nyembamba kwenye waya wa jibu kwa nyuma ya plagi. Baridi ya mwisho: volti 4 na kitu. Moto wa mwisho: volti 1. Katikati zinashuka taratibu kadiri unavyopandisha nyuzi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Namba kwenye paneli: 00, saa saba mchana, juani.

Kipimajoto tunduni: nikiweka 18 inatoka 9, nikiweka 32 inatoka 52, nikazima haraka.

Gharama: 45,000.

4 Mei: 25 isiyokuwa 25

Imebaki kasoro moja. Nikiweka 25 gari linapoa vizuri, halafu linaendelea kupoa mpaka mke wangu anatafuta khanga. Hapa kimota hakina kosa, kinatii kompyuta, na kompyuta inadanganywa kuhusu joto la ndani.

Sensa ya ndani imekaa nyuma ya kijidirisha kidogo chenye vipenyo karibu na usukani. Inatakiwa kuvuta hewa ya ndani kupitia mpira mwembamba unaonyonywa na sanduku la hewa. Jaribio: kata kipande kidogo cha tishu, kiweke kwenye kijidirisha feni ikiwa juu. Kikinata, inavuta. Cha kwangu kilidondoka. Nimefungua: vumbi jekundu limeziba kote, na ule mpira umechomoka upande wa sanduku. Sensa ilikuwa inapima joto la plastiki ya dashibodi lililopigwa jua, inadhani ndani ni tanuri, inaamuru baridi zaidi.

Nimesafisha kwa brashi ya meno, nimerudisha mpira na kuubana. Sensa yenyewe nzima: kilo-om 1.4 kivulini kwenye nyuzi 30 hivi, na kawaida yake ni kama 1.7 kwenye 25. Ikipata joto usomaji unashuka, ikipoa unapanda. Sasa 25 ni 25 na khanga imerudi kabatini.

Gharama: hakuna.

5 Julai: Njombe, upande wa pili wa mlango

Dar huwezi kuipima hita sawasawa, dakika mbili umeshakimbia nje. Kitonga tukapanda taratibu nyuma ya malori, hita kwenye 26, safi. Tukapita Iringa, safi. Baada ya Mafinga, kwenye misonobari ya Sao Hill, barabara tambarare na upepo wa baridi unapiga rejeta, hewa ikaanza kupoa. Nikapandisha 28, 30, 32. Vuguvugu. Mlango ulikuwa umeshafika mwisho wa moto, namba 00. Nikatazama sindano: imelala chini kabisa, kama injini imewashwa sasa hivi. Alfajiri Njombe ilikuwa nyuzi 7 na hita inatoa hewa ya uvuguvugu wa maji ya kunawa.

Kwa hiyo mlango ni mzima, maji yenyewe hayana moto. Injini inapopata moto mlimani na kuupoteza ikitembea tambarare, mshukiwa ni themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: ama imeganda wazi, ama haipo.

7 Julai: Makambako

Fundi amefungua nyumba ya themostati. Mtupu.

“Hizi za Dar zote zinakuja hivi,” akasema, hata hakushangaa. Kuna fundi mmoja huko nyuma, kabla ya gari kuwa langu, aliitoa ili lisichemshe. Ni desturi ya mjini kwetu, na inaficha gharama zake: injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi, na hita inakufa ukienda nyanda za juu. Kama gari linachemsha, tatizo liko kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au mfuniko, kutoa themostati ni kulificha.

Tumenunua mpya iliyochapwa 82. Kabla ya kuifunga tuliitia kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama ntilie wa jirani, pamoja na kipimajoto changu. Ilianza kufunguka kwenye 82, maji yalipopoa ikajifunga. Mama ntilie akauliza tunapika nini. Gasketi mpya, kulanti badala ya maji ya bomba, na kutoa hewa: hita kwenye moto wa mwisho, mfuniko wa rejeta wazi, injini inaunguruma mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga. Hewa ikibaki ndani, hita inapuliza moto na baridi kwa zamu na utarudi kumlaumu kimota bure.

Gharama: themostati 30,000, gasketi 5,000, kulanti 35,000, ufundi 20,000.

12 Julai: Vipimo vya kurudi, na hesabu

Mafinga hadi Iringa, nje nyuzi 12: sindano katikati haikutikisika, hita imewekwa 24, tunduni 37 mwanzo, ikashuka yenyewe kadiri gari lilivyopata joto. Kushuka Kitonga bila mafuta mguuni, bado 24. Chalinze tukavua masweta, hatukugusa kitufe. AC ikapokea kazi. Kimara saa tatu usiku, tunduni 14.

Kilichotibu gari: kimota 45,000 na kazi ya themostati 90,000, jumla 135,000. Kilichopotea njiani, gesi, gundi, kimota kibovu na winga: 166,500. Mita 25,000 naihesabu peke yake.

Kimebaki kitu kimoja. Tundu la kushoto kabisa linatoa hewa ya moto kidogo kuliko la kulia, nyuzi mbili, wakati mwingine tatu, na mara moja nimeokota chembe nyeusi za sponji kwenye dashibodi. Ni ile sponji ya kingo za mlango, imezeeka, haizibi sawasawa. Kuibadilisha ni kulishusha dashibodi lote, kumwaga gesi na kutoa sanduku zima. Kwa nyuzi mbili, hapana. Gari litashushwa dashibodi siku kulingi koili itakapovuja, na sponji itabandikwa siku hiyohiyo.